Kima Akikaribishwa Kiti, Mkia Auweke Wapi?

Katika ngano za Kiswahili wanyama huishi maisha ya watu. Sungura ana shamba, ana madeni na ana wakwe. Fisi hakosi karamu hata asipoalikwa. Simba akiitisha baraza, wote huhudhuria. Vizazi kwa vizazi ngano hizo zimesimuliwa kando ya meko, na hakuna msimulizi aliyebanwa aeleze Simba aliketi juu ya nini. Husema tu kwamba Simba akaketi, na hadithi ikaendelea. Mchoraji hana nafuu hiyo. Akitaka kumweka Simba barazani lazima achore kiti, na akishachora kiti hana budi kuamua mkia utapita wapi.

Hapo ndipo kazi nyingi hulegea. Mnyama huwekwa kwenye sofa lenye mgongo mnene, mkia wake ukatoweka bila maelezo au ukachomoza ubavuni, mahali ambapo uti wa mgongo haufiki. Huvalishwa suruali isiyo na tundu. Hupewa kikombe chenye mkono ambao vidole vyake haviwezi kuushika. Mtoto wa miaka sita, ambaye asubuhi hiyo amemwona paka akijizungushia mkia kabla ya kulala, huona kasoro hiyo mara moja. Mchoraji ameanza na kiti alichokizoea, kisha akaulazimisha mwili ukifuate kiti. Ilipasa aanze na mwili. Kosa hilohilo huwaumiza watoto halisi kwenye madawati halisi, na ndiyo maana swali la mkia wa Kima linastahili nafasi gazetini.

Mlalo, wilayani Lushoto katika milima ya Usambara, ni mahali pazuri pa kulijibu.

Barabara inayotoka Lushoto hupanda kwenye msitu wa Magamba, hupita Lukozi, kisha hushukia bonde la Mlalo linalopitiwa na Mto Umba. Wamisionari wa Kiprotestanti kutoka Ujerumani walifungua kituo chao hapo mwaka 1891, wakakiita Hohenfriedeberg. Mji wa leo unajulikana kwa nyumba za udongo zenye ghorofa na roshani za mbao, zilizobanana mteremkoni. Mbao si jambo geni kwa wenyeji. Kuna mkulo wa msitu wa asili, wenye harufu ya kafuri, na kuna miti ya kupandwa kama mgrivea, mkaratusi na msaipresi, ambayo leo ndiyo tegemeo la maseremala.

Usambara pia iliwahi kumketisha simba kwenye kiti cha utawala, walau kwa jina. Watawala wa Kisambaa wa ukoo wa Kilindi waliitwa Simba Mwene, sifa ambayo masimulizi huianzisha na Mbegha, mwindaji aliyetoka Nguu, akaua simba na kupokewa na Wasambaa kuwa mtawala wao. Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, aliyeyaandika masimulizi hayo katika Habari za Wakilindi, anaeleza kwamba Mbegha aliota meno ya juu kwanza, jambo lililohesabiwa kuwa mkosi, na jamaa zake wakamkataa kwa sababu hiyo. Milima ilimpokea mtu ambaye mwili wake haukufuata utaratibu uliotarajiwa, ikampa kiti cha juu kuliko vyote. Kwa urithi wa namna hiyo, kuuliza kiti gani kinamfaa nani si mchezo wa kigeni huku.

Wanyama wenyewe wako karibu. Misitu ya Usambara ina viumbe ambao hakuna fundi anayeweza kuwatosheleza kwa kiti kimoja. Mbega, mwenye manyoya meusi na meupe, ana mkia mrefu kuliko kichwa na kiwiliwili chake kwa pamoja. Akipumzika huketi juu ya tawi na kuuachia mkia uning'inie wima, na mara nyingi mkia huo ndio unaomfichulia mtazamaji aliye chini. Kidole gumba chake kimebaki kifundo tu. Kwa hiyo Mbega wa hadithini anahitaji kiti kirefu kisicho na kizuizi nyuma, na chai yake itiwe kwenye bakuli, kwa sababu kikombe chenye mkono kitamteleza.

Kima naye ana mkia mrefu, lakini hautumii kujishikilia. Vitabu na katuni nyingi humchora akining'inia kwa mkia tawini, na hilo ni kosa. Kima, ngedere na nyani wa Afrika hawana mkia wa kushikia. Wenye uwezo huo ni baadhi ya jamaa zao wa Amerika ya Kati na Kusini. Mkia wa kima ni wa kumpa mizani anaporuka kutoka mti hadi mti. Katika Usambara, anayejishikilia kwa mkia ni kinyonga, na milima hii ina spishi za vinyonga zisizopatikana kwingine duniani, wakiwamo wenye pembe. Vidole vya kinyonga vimegawanyika makundi mawili yanayobana tawi kutoka pande mbili, na mkia humsaidia kushika. Kumpa kiti bapa ni kumtesa. Anachohitaji ni ufito wa mviringo, unene wake ulingane na mshiko wa mguu wake, na urefu utoshe mkia kujizungusha. Ufito wa roshani utamfaa bila marekebisho.

Halafu yupo perere, mnyama wa usiku ambaye mlio wake hushtua kuliko umbo lake. Hana mkia wa kuonekana. Masimulizi ya sehemu mbalimbali za Afrika hueleza kwamba siku ya kugawa mikia, pimbi, jamaa yake wa mawe, alitegea safari akaagiza wenzake wamchukulie wake. Katika kundi hili perere peke yake ndiye anayeweza kuketi kwenye sofa la dukani bila usumbufu.

Mtu akiwa na orodha hiyo ya miili mkononi, vyombo vya nyumbani vya Afrika Mashariki humjia kwa sura mpya. Kigoda huchongwa kwa gogo moja. Fundi hukata kipande, hukipunguza kwa tezo mpaka miguu mitatu au minne ijitokeze, kisha hukikomba juu hadi kipate bonde dogo la kupokea makalio. Chenye miguu mitatu hakitikisiki hata kwenye sakafu ya udongo yenye mabonde, kwa sababu miguu yote mitatu hugusa chini kwa wakati mmoja popote kitakapowekwa. Hakina mgongo, na kwa mwenye mkia upungufu huo ndio fadhila yake. Mkia unatoka nyuma bila kupindwa. Tatizo la kigoda ni kimo. Cha jikoni huwa chini sana, na mkia wa Mbega utaburura sakafuni karibu na makaa.

Mbuzi ya kukunia nazi, iliyojaa majikoni mwa pwani kuanzia Tanga hadi Lamu, ina somo jingine. Vibao viwili hupishana kama mkasi, kimoja kikawa cha kukalia. Mbele panatokeza chuma bapa chenye meno, na sinia huwekwa chini yake kupokea nazi iliyokunwa. Uzito wa anayekuna ndio unaokibana kibao ili meno yasicheze. Nyuma ya makalio hakuna kitu chochote. Aliyeibuni alipima kazi, mikono na uzito wa mkunaji, akaacha mengine yote. Kima akitaka kupika wali wa nazi, chombo hiki hakihitaji kubadilishwa hata kidogo.

Kiti cha enzi cha Lamu na Zanzibar kiko upande wa pili kabisa. Kina mgongo mrefu uliosimama wima, mahali pa kuweka mikono na pa kuegesha miguu, na sehemu zake za kukalia na kuegemea husukwa kwa uzi. Kilitengenezwa kumpa heshima mwenye cheo na mgeni. Simba hawezi kukikalia bila kuukunja mkia. Lakini seremala akiacha pengo la upana wa kiganja kati ya kikalio na mwanzo wa mgongo, mkia utapita na kishungi chake cheusi kitaonekana na wote waliohudhuria baraza. Kile kiegesho cha miguu nacho kinafaa kuhamishiwa kwenye kiti kirefu cha Mbega, ambaye miguu yake isingefika chini.

Kimo cha kiti hicho kirefu kiko tayari mashambani. Dungu, ulingo wa miti ambao wakulima huujenga ili kulinda mahindi yasiliwe na kima, ngedere na nguruwe, humwinua mlinzi juu ya mimea na kuacha hewa tupu chini yake. Mbuni anayechukua uwazi wa kigoda, kiegesho cha kiti cha enzi na kimo cha dungu anapata samani mpya kabisa ambayo kila kipande chake kina asili inayojulikana. Kijana wa Mlalo anaweza kuichora bila kufungua katalogi ya duka lolote la ng'ambo.

Nguo nazo zina hesabu ileile. Beatrix Potter alipochapisha hadithi ya Peter Rabbit nchini Uingereza mwaka 1902, alimvalisha sungura wake koti la bluu bila suruali, na mkia ukabaki huru. Potter alichora uyoga na wanyama kwa uangalifu wa mwanasayansi, na uangalifu huo ulimfuata hadi kwenye nguo za kubuni. Kwa Waswahili jibu liko karibu zaidi. Kanga, kikoi na shuka hufungwa kwa kupishanisha ncha mbili. Mpishano huo ukielekezwa nyuma, mkia una mlango wake, na mvaaji hukaza au kulegeza kadiri ya kiuno chake. Hakuna tundu la kukata wala kipimo cha kubahatisha. Kanga ileile inamtosha Kima mwembamba na Kiboko mnene, kwa kuwa ilibuniwa ili mvaaji aamue umbo lake kila anapoivaa.

Barabarani mambo ni magumu zaidi. Katika kisa cha kima na papa, kilichomo kwenye mkusanyiko wa hadithi za Zanzibar alioutoa Edward Steere mwaka 1870, Kima alisafiri juu ya mgongo wa rafiki yake baharini, na mkia haukuwa tatizo. Leo angepanda bodaboda kutoka Lukozi hadi Mlalo. Mkia ungening'inia karibu na mnyororo na spoki za gurudumu la nyuma. Mchoraji akilifikiria hilo sawasawa, atakuwa amegusa hatari inayowakabili abiria wengi wanawake nchini, kwa kuwa ncha ya kanga, dera au mtandio hunaswa palepale. India imelishughulikia jambo hilo kisheria. Kanuni zake za vyombo vya moto zinataka pikipiki iwe na kinga inayofunika angalau nusu ya gurudumu la nyuma ili nguo ya abiria isinaswe, pamoja na mahali pa kushika na pa kuegesha miguu. Pikipiki nyingi za bodaboda za Tanzania zinatoka India, na kinga hiyo inafaa kudaiwa huku pia. Mkia wa kubuni umemfikisha mtu kwenye usalama wa mama aliyebeba mtoto kwenye siti ya nyuma.

Filamu ya katuni ya Zootopia, iliyotolewa na Disney mwaka 2016, ilijenga mji mzima kwa kufuata fikra hiyo. Treni yake ina milango ya ukubwa tofauti kwa wanyama wakubwa, wa kati na wadogo. Panya wana mtaa wao wenye nyumba zinazolingana nao. Muuza juisi humpelekea twiga kinywaji kwa bomba linalopanda hadi usawa wa mdomo wake. Watazamaji waliuamini mji huo kwa sababu kila kitasa na kila ngazi kilionyesha kwamba kuna mtu aliyejiuliza nani atakitumia.

Afrika Mashariki haijakaa kimya. Tinga Tinga Tales, mfululizo wa katuni uliotengenezwa Nairobi na kuanza kuonyeshwa mwaka 2010, uliazima mtindo wa Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa kusini mwa Tanzania aliyeanza kuchora jijini Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi zing'aazo za kupaka baiskeli. Katika mtindo huo mkia haufichwi. Huchorwa kwa mstari mmoja usiokatika, ukapinda na kujaza nafasi ya picha. Ubongo, shirika la Dar es Salaam linalotengeneza vipindi vya elimu kwa watoto, kupitia Akili and Me limewapa watoto marafiki wa porini wanaozungumza Kiswahili. Mradi wa Vitabu vya Watoto ulioanza nchini mwaka 1991 umesaidia hadithi nyingi kufika madarasani. Hatua inayofuata ni kuingia ndani ya nyumba za wanyama hao na kuwapa vitanda, viti, milango na vyombo vilivyofikiriwa kwa uzito uleule ambao mtungaji anaufikiria mwisho wa hadithi.

Wapo watakaosema hii ni anasa: nchi ina watoto wanaoketi chini, kisha gazeti linajadili makalio ya Kima. Pingamizi hilo ni zito na linastahili jibu kamili.

Jibu linaanzia kwenye mwili wa binadamu. Mwishoni mwa uti wa mgongo wake kuna kifandugu, mfupa mdogo uliotokana na pingili tatu hadi tano zilizoungana. Mtoto akiwa bado tumboni katika wiki za mwanzo huwa na mkia, ambao hutoweka kufikia wiki ya nane hivi. Aliyeanguka akaumia kifandugu anajua ubao mgumu unavyotesa. Kwa maumivu ya aina hiyo kuna mto maalumu uliokatwa pengo upande wa nyuma, ili uzito ubebwe na mapaja na mifupa miwili ya makalio huku kifandugu kikibaki hewani. Pengo hilo ndilo analolihitaji Simba kwenye kiti chake cha enzi. Aliyejifunza kuliacha kwa ajili ya mnyama wa hadithini ameshajifunza nusu ya kazi ya kumhudumia mgonjwa.

Sasa litazamwe dawati la shule ya msingi. Aina iliyozoeleka ina fremu ya chuma iliyounganisha ubao wa kuandikia na ubao wa kukalia, na huketiwa na watoto wawili au watatu. Umbali kati ya mbao hizo mbili haubadiliki. Mrefu wa darasa la saba hukunja mgongo na kupenyeza magoti kwa shida. Mdogo wa darasa la kwanza huning'iniza miguu, ukingo wa ubao ukimbana chini ya mapaja, na akitaka kuandika husogea hadi ncha kabisa. Anayetumia mkono wa kushoto hugongana viwiko na jirani siku nzima. Mwenye mguu uliofungwa plasta au chuma hana pa kuunyoosha.

Mwaka 2016 Rais John Magufuli aliagiza upungufu wa madawati uishe kufikia Juni 30, na Bunge likachangia Shilingi bilioni 6 zilizotokana na kubana matumizi yake. Mikoa ilihamasika, mbao zikapasuliwa, mafundi wakafanya kazi usiku na mchana, na watoto wengi wakanyanyuka kutoka sakafuni. Lilikuwa jambo la heri. Lakini kampeni ile ilihesabu watoto na madawati. Haikupima mapaja. Fundi alipewa idadi na tarehe, akatengeneza kwa kipimo kimoja alichokizoea, na kipimo hicho kitaendelea kuwakunja watoto kwa muda wote ambao chuma hakijaoza.

Ujuzi wa kupima mwili upo nchini. TATCOT, chuo kilichoanzishwa mwaka 1981 katika hospitali ya KCMC mjini Moshi, kimefundisha mafundi wa viungo bandia na vifaa vya kutembelea kutoka nchi nyingi za Afrika, na kimefundisha pia ufundi wa viti vya magurudumu. Fundi wa fani hiyo hupima upana wa nyonga, urefu wa paja na kimo cha mguu kuanzia nyuma ya goti hadi kisigino kabla ya kuandaa kiti. Ana sababu. Kiti kisicholingana na mtumiaji humletea vidonda vya mgandamizo kwenye makalio na kwenye kifandugu, na kwa mtu asiyehisi maumivu sehemu hizo vidonda hivyo huweza kuua. Huko Zimbabwe, Bevill Packer alieneza ufundi wa kutengeneza viti vya watoto wenye ulemavu kwa maboksi na karatasi zilizotumika, zikishikanishwa kwa gundi ya uji wa unga. Gharama ni ndogo mno. Kinachotakiwa ni mtu aliye tayari kumtazama mtoto mmoja na kumpima.

Lushoto ina historia yake katika jambo hili. Irente ina shule ya watoto wasioona na shule ya watoto wenye ulemavu wa akili, zote zikiwa kazi ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri, Dayosisi ya Kaskazini Mashariki. Chuo cha Sebastian Kolowa, kilichoanza Magamba mwaka 2007, kilijijengea jina kwa kufundisha walimu wa elimu maalumu. Walimu waliopita huko wanafahamu kwamba mtoto asiyeona huhitaji kona za meza zilizoviringwa, na kwamba mtoto mwenye misuli iliyokaza huhitaji kiegemeo cha kichwa na mkanda wa kifua. Kwa lugha ya hadithi, kila mmoja wao ana mkia wake, na dawati la kiwandani limejengwa kana kwamba haupo.

Mapenzi kwa vyombo vya asili yasipofushe macho. Kigoda kinachompendeza Kima humuumiza bibi mwenye mgongo mbovu, ambaye anahitaji egemeo na mahali pa kushika anaponyanyuka. Choo cha kuchuchumaa kingemfaa kila mwenye mkia, lakini mjamzito na mzee wa magoti hukitumia kwa mateso. Kanga haifai kwenye mashine ya kupasulia mbao. Kila chombo kimemchagua mtu wake na kumwacha mwingine. Faida ya kumbunia mnyama ni kwamba uchaguzi huo unakuwa wazi. Hakuna anayethubutu kumwambia Mbega aukate mkia ili aenee kwenye kiti, ilhali mtoto wa binadamu huambiwa ajikunje kila siku, na hakuna anayeona kuwa ameonewa.

Kwa hiyo kazi ianze sehemu mbili kwa pamoja. Taasisi ya Elimu Tanzania na wachapishaji wa vitabu vya watoto wadai kutoka kwa kila mchoraji ukurasa mmoja wa vipimo vya mhusika kabla ya michoro ya mwisho: kimo chake akiketi, mkia unaanzia wapi na una urefu gani, vidole vinashika vipi. Mchoraji na seremala waketi pamoja. Seremala wa Mlalo anaweza kuangalia mchoro wa kiti na kusema papo hapo kama mguu ule utabeba uzito na kama kiungo kile kitafunguka, na maneno yake yatampa mchoraji kiti kinachoaminika. Alipwe kwa ushauri huo, na jina lake lichapishwe kitabuni pamoja na la mtungaji.

Sehemu ya pili ni darasani. Mitaala mipya iliyoanza kutumika mwaka 2024 imeipa elimu ya amali nafasi katika sekondari, na somo la useremala linahitaji mazoezi yanayofikirisha. Wanafunzi wagawanywe makundi, kila kundi lichague mnyama wa Usambara. Lichunguze mwili wake, limchoree kiti, kitanda na chombo cha kunywea, kisha litengeneze mfano mdogo kwa mabua ya mahindi au maboksi. Wiki inayofuata vipimo vilevile vichukuliwe kwa wanafunzi wa shule ya msingi ya jirani: kutoka nyuma ya goti hadi sakafuni, kutoka kwenye makalio hadi nyuma ya goti, kutoka kwenye kikalio hadi kiwikoni. Namba hizo tatu zinatosha kumwonyesha mwalimu mkuu ni watoto wangapi wanakalia dawati lisilo lao.

Ulaya ina kiwango cha EN 1729 kinachopanga viti na meza za shule kwa saizi, kila saizi ikiwa na rangi yake, ili mwalimu amkalishe mtoto panapomfaa bila kushika futi. Halmashauri ya Lushoto inaweza kuanza na saizi tatu tu, na badala ya rangi pekee ikawatumia wenyeji wa msitu: Perere achorwe kwenye madawati madogo, Kima kwenye ya kati, Mbega kwenye makubwa. Mtoto ataambiwa mwaka huu anakaa kwa Kima, na mwakani akirefuka atahamia kwa Mbega. Mbao ni zilezile na fundi ni yuleyule. Kinachoongezeka ni karatasi moja ya vipimo kwenye agizo la zabuni na siku chache za mchoraji mwenye brashi. Karatasi hiyo iandikwe kabla zabuni ijayo ya madawati haijatangazwa, na dawati moja kati ya yale yatakayoagizwa kwa kila darasa liwe na ubao wa kukalia unaosogezwa na pengo upande wa nyuma, kwa ajili ya mtoto ambaye saizi zote tatu hazikumfaa.